Akili Mnemba na Imani ya Kikristo: Mwongozo Kamili kwa Muumini, Mwalimu na Mchungaji

Mwaka 1949 padre Mjesuiti kutoka Italia, Roberto Busa, aliingia ofisini kwa Thomas J. Watson, mkuu wa kampuni ya IBM, akiwa na ombi la ajabu. Alitaka mashine zilizozoea kuhesabu fedha na bidhaa zimsaidie kupanga maneno yote ya Thomas wa Akwino, maneno yapatayo milioni 11. Kabla ya hapo alikuwa ameandika kwa mkono kadi 10,000 akifuatilia jinsi mwanateolojia huyo alivyozungumzia uwepo, akaona kwa mwendo huo maisha hayatamtosha. Kazi ilichukua takriban miaka 30, ikachapwa katika vitabu 56, na hadi leo wanaosomea kompyuta na lugha humtaja Busa miongoni mwa waasisi wa fani yao.

Naanza na Busa kwa sababu Wakristo wengi huzungumzia akili mnemba (AI) kama mgeni aliyelivamia kanisa jana usiku. Padre alikuwepo tangu mwanzo, na alijua alichokitaka: mashine ihesabu, yeye afikiri na kusali. Mpaka huo ndio nitakaouchora hapa hatua kwa hatua, kwa muumini anayesoma Neno na simu mkononi, kwa mwalimu wa vijana, kwa mchungaji au padre mwenye mahubiri ya Jumapili, na kwa wazee wa kanisa wanaotakiwa kuamua kipi kiruhusiwe.

Kuna walio na hofu, nao nawaheshimu. Wameambiwa teknolojia hii ndiyo alama ya mnyama. Wasome tena Ufunuo 13 polepole: alama ile imefungamana na kumsujudu mnyama. Swali la sura hiyo ni nani anaabudiwa, na swali hilo tutakutana nalo hasa kwenye hatua ya tano. Programu inayokupangia ratiba ya kwaya haijakuomba usujudu.

Hatua ya 1: Ujue unaongea na kitu gani

ChatGPT, iliyofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, na nyingine za aina yake kama Gemini, ni mifumo iliyolishwa maandishi mengi kupita kiasi, kisha ikafunzwa kukisia kipande cha neno kinachofuata. Ukiuliza kuhusu Warumi 8, haifungui Biblia iliyo mezani kwake. Inatunga jibu kwa kufuata mkondo wa yale watu waliyowahi kuandika kuhusu Warumi 8. Siku hizi baadhi hutafuta mtandaoni kabla ya kujibu, jambo linalosaidia, ila jibu lenyewe bado linatungwa kwa njia ileile.

Kwa msomaji wa Biblia hilo linazaa mambo matatu ya kukumbuka.

La kwanza, mashine hubuni bila kusita. Itakupa mstari, sura na namba kwa sauti ya uhakika, na mstari huo usiwepo. Kwa Kiswahili hatari inaongezeka, maana maandishi ya Kiingereza yaliyolishwa ni mengi mno kuliko yetu. Mara nyingi mashine inafasiri mstari papo hapo kutoka Kiingereza na kuuweka ndani ya alama za kunukuu, kana kwamba umetoka kwenye Biblia unayoijua. Ukiwa umekulia kwenye Biblia ya Union, sikio lako litashtuka. Kijana ambaye hajakulia humo hatashtuka.

La pili, hupenda kukubaliana nawe. Mifumo hii imenolewa kwa kufuata majibu ambayo watu waliyapima na kuyapenda, na watu hupenda kusifiwa. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ililazimika kurudisha nyuma toleo moja la ChatGPT kwa sababu lilikuwa limezidi kuwasifu watumiaji. Kielelezo hicho kikae nawe, kwa sababu mtu anayesema "Bwana ameniambia" ndiye anayehitaji zaidi mtu wa kumpinga.

La tatu, huchanganya mapokeo. Iulize amri ya sita inasemaje. Kwa Wakatoliki na Walutheri ni "Usizini". Kwa Waanglikana na makanisa ya Kireformati ni "Usiue". Iulize vitabu vya Biblia ni vingapi: Waprotestanti wana 66, Wakatoliki 73, Waorthodoksi wa Ethiopia 81. Hata Zaburi ya mchungaji mwema, ya 23 kwa wengi wetu, ni ya 22 katika Biblia za zamani za Kikatoliki. Mashine itachagua mojawapo bila kukuambia kuwa imechagua. Kwa hiyo anza kila mazungumzo kwa kuieleza wewe ni wa kanisa gani, unatumia tafsiri gani, na kwamba unataka ikuonyeshe mahali makanisa yanapotofautiana.

Hatua ya 2: Panga kazi zako kabla hujagusa kitufe

Chukua karatasi. Andika kazi zote za juma lako zinazohusu imani na kanisa: ratiba ya zamu, kumbukumbu za kikao, tangazo la semina, mahubiri, funzo la vijana, barua ya rambirambi, maombi ya wagonjwa, ushauri kwa wachumba, picha za ukurasa wa kanisa. Kisha pitia moja moja ukijiuliza: *mtu anayepokea kazi hii akigundua imetoka kwenye mashine, ataumia?*

Ratiba ya zamu haimuumizi yeyote. Vivyo hivyo maandishi chini ya video ya ibada kwa ajili ya viziwi, muhtasari wa kikao ambao katibu ataupitia, au kusahihisha tahajia ya tangazo. Hizo ipe mashine bila wasiwasi, upate muda wa kumtembelea mtu.

Rambirambi iko upande wa pili. Februari 2023 ofisi moja ya chuo kikuu nchini Marekani iliwatumia wanafunzi barua pepe ya faraja baada ya mauaji ya risasi katika chuo kingine. Chini kabisa kulikuwa na mstari mdogo ulioonyesha kwamba maneno yalitokana na ChatGPT. Ofisi ililazimika kuomba radhi. Barua yenyewe haikuwa na kosa la sarufi wala tusi. Walioipokea walikuwa wanatafuta ishara kwamba kuna mtu aliyeketi, akawafikiria, akakosa maneno, akaandika hivyo hivyo. Mistari mitatu iliyokwaruzwa na mchungaji mwenyewe inabeba hilo. Kurasa mbili laini za mashine hazilibebi.

Kati ya ncha hizo mbili kuna kazi za kugawana. Tafsiri ya Biblia ni mfano mzuri. Duniani kuna lugha zipatazo 7,000, na zenye Biblia nzima ni zaidi ya 700. Leo baadhi ya timu za tafsiri hutumia akili mnemba kutoa rasimu ya kwanza, kisha wenye lugha wanaketi na kubishana neno kwa neno, wakisoma kwa sauti mbele ya wazee na watoto ili kusikia kama linaeleweka. Rasimu inaharakishwa, mabishano hayaharakishwi. Ukipanga kazi zako za kati, uliza vivyo hivyo: sehemu ipi ni rasimu, na sehemu ipi ni mabishano yenu wenyewe?

Hatua ya 3: Kagua kila andiko, kila neno la kale, kila nukuu

Waberoya walisifiwa kwa sababu walilipokea neno kwa uelekevu wa moyo, "wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo" (Matendo 17:11). Aliyekuwa anawahubiri ni Paulo! Kama Paulo alichunguzwa, programu haiwezi kuachwa ipite.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mashine ikikupa andiko, ifunge kwanza, ufungue Biblia. Soma aya kumi kabla na kumi baada. Mara nyingi mstari upo kweli lakini unasema jambo jingine kabisa mahali pake. Kisha linganisha maneno na tafsiri unayoitumia kanisani. Yakitofautiana, nukuu ya Biblia yako ndiyo itakayosomwa. Usikubali "Biblia inasema" isiyo na kitabu, sura na mstari. "Mungu humsaidia anayejisaidia" haimo katika Biblia yoyote, hata kama inanukuliwa kila mahali. Na 1 Timotheo 6:10 haisemi fedha ni shina la mabaya. Inasema *kupenda* fedha. Neno moja likidondoka, mahubiri yote yanageuka.

Maelezo ya Kiyunani na Kiebrania yanahitaji ukali zaidi, kwa sababu hapo wasikilizaji wengi hawawezi kukusahihisha. Mashine itakuambia kwa urahisi kwamba neno fulani "kwa asili yake" lina maana nzuri ya kupendeza. Libebe dai hilo hadi kwenye itifaki ya Biblia (orodha ya maneno ya Biblia na mahali yalipo) yenye namba za Strong, zilizotokana na kazi ya James Strong ya mwaka 1890, uone neno limetumika wapi kwingine. Kisha tafuta vitabu viwili vya ufafanuzi vilivyoandikwa na wasomi wenye majina. Usipopata uthibitisho, liache. Hakuna aliyewahi kukosa wokovu kwa sababu mhubiri hakutaja Kiyunani.

Kwa nukuu za mababa wa Kanisa na watakatifu, sharti ni moja: jina la kitabu na mahali. Maneno ya kwamba dunia ikiisha kesho bado nitapanda mti wangu wa tufaha yanapachikwa kwa Martin Luther, lakini hayamo katika maandishi yake, na ushahidi wa kale kabisa uliopatikana ni wa mwaka 1944, karibu miaka 400 baada ya kifo chake. "Hubiri Injili daima, ikibidi tumia maneno" nayo haimo katika maandishi ya Fransisko wa Asizi. Mashine imesoma kurasa nyingi zinazorudia makosa haya, kwa hiyo itakurudishia makosa hayohayo kwa heshima zote.

Mwisho wa ukaguzi, iombe mashine ijipinge: "Taja sababu tatu zenye nguvu za kukataa ufafanuzi ulionipa, na useme ni wakristo wa mapokeo gani wangeukataa." Mara nyingi jibu hili la pili huwa na manufaa kuliko la kwanza.

Hatua ya 4: Andaa mahubiri na mafunzo bila kuuza sauti yako

Tarehe 9 Juni 2023, katika kanisa la Mtakatifu Paulo mjini Fürth, Ujerumani, watu zaidi ya 300 walihudhuria ibada ambayo karibu yote ilitungwa na ChatGPT kwa maandalizi ya mwanateolojia Jonas Simmerlein. Sala, mahubiri na baraka zilitolewa na sura za kidijitali kwenye skrini kubwa kwa muda wa dakika 40 hivi. Maudhui yalikuwa ya kawaida, yanayokubalika. Baadhi ya waliohudhuria walisema kilichokosekana ni moyo: sura zile hazikuonyesha hisia, na zilisema harakaharaka bila kituo.

Lakini tuseme siku moja mashine zitajifunza kutua na kulia. Tatizo litabaki, kwa sababu mahubiri ni ushuhuda. Mhubiri husimama kama mtu ambaye andiko hili limemshika shingoni juma hili, katika kanisa hili, kati ya watu ambao misiba yao anaijua. Yeremia 23:30 inawakemea manabii wanaonyang'anyana maneno ya Mungu. Mchungaji anayenakili mahubiri yote kutoka kwenye programu na kuyasoma kama yake anawadanganya watu wake kuhusu mahali alipokuwa Jumamosi usiku.

Basi fuata mpangilio huu. Siku mbili za kwanza za maandalizi, mashine ibaki imezimwa. Soma kifungu, kisome tena, omba, andika maswali yako na yanayokukera. Ukishakuwa na kitu chako, iwashe, na uitumie kama muulizaji. Kwa mfano:

"Ninaandaa funzo la Luka 10:25–37 kwa vijana. Usiniandikie funzo. Niulize maswali kumi ambayo msomaji makini angeuliza kuhusu kifungu hiki, moja baada ya jingine, na usiyajibu."

Ukimaliza muhtasari wako:

"Soma muhtasari huu. Nionyeshe mahali ambapo hoja yangu haitoki kwenye kifungu, na mahali ambapo msikilizaji aliyefiwa au asiye na kazi angeumizwa na maneno yangu. Usiniandikie upya."

Hayo maneno "usiniandikie" yarudie. Mashine ina pupa ya kuandika, na ukishasoma aya zake laini, zako zitaanza kuonekana chafu machoni pako. Hapo ndipo wengi hunaswa.

Kama umetumia msaada mkubwa, useme. Sentensi moja yatosha: "Katika kukusanya historia ya mji wa Korintho nilisaidiwa na akili mnemba, nikaihakiki." Waumini hawatakukimbia.

Hatua ya 5: Maombi, toba na ushauri

Hapa nawasihi wasomaji wasikimbie.

Watu wanazipelekea programu mambo ambayo hawajamwambia mtu yeyote. Saa nane za usiku mchungaji amelala, aibu ni kubwa, na simu haimhukumu mtu. Mwaka 2024 kanisa dogo la Mtakatifu Petro mjini Lucerne, Uswisi, liliweka kwa miezi miwili hivi ndani ya kibanda cha maungamo sura ya Yesu iliyotengenezwa kwa akili mnemba, ambayo watu waliweza kuongea nayo. Waandaaji walisema wazi kwamba hilo ni jaribio wala si kitubio, wakawaonya watu wasitoe habari zao binafsi. Hata hivyo wengi waliotoa maoni walisema walionja kitu cha kiroho. Siwacheki hata kidogo. Kiu waliyokuja nayo ni ya kweli, na kanisa linapaswa kujiuliza kwa nini baadhi yao walipata urahisi mbele ya skrini kuliko mbele ya mmoja wetu.

Aprili ya mwaka huohuo wa 2024 shirika moja la Kikatoliki la Marekani lilizindua mhusika wa kidijitali aliyevaa kama padre ili ajibu maswali ya imani. Watu walipomjaribu alidai ni padre wa kweli, na akakubali kwamba kubatiza mtoto kwa kinywaji cha wanamichezo ni sawa. Siku chache baadaye alivuliwa kola ya upadre. Aliyemtengeneza hakukusudia ubaya. Mavazi peke yake yaliifanya mashine ijibu kama mtu mwenye daraja ambalo hakuwekewa mikono kulipokea.

Kwa matumizi ya kila siku, mpaka uwe hivi.

*Maombi.* Mashine inaweza kukukumbusha saa ya sala, kukutafutia zaburi za maombolezo, kukupangia masomo ya Kwaresima. Isikuombee. Warumi 8:26 inasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Asiye na maneno tayari ana Mwombezi. Mwambie mtu huyo anyamaze mbele za Mungu kwa dakika tano kuliko kusoma sala iliyotungwa kwa sekunde tano.

*Toba.* Yakobo 5:16 inasema, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Ninyi kwa ninyi: mwenye dhambi mbele ya mwenye dhambi. Kwa Wakatoliki, kanuni namba 983 ya sheria ya Kanisa inamkataza kabisa muungamishi, yaani padre anayesikiliza maungamo, kumsaliti anayeungama, na waraka wa Vatican wa mwaka 2002 kuhusu Kanisa na intaneti ulisema waziwazi kwamba mtandaoni hakuna sakramenti. Kwa upande wa programu, Julai 2025 Sam Altman, mkuu wa OpenAI, alisema hadharani kwamba mazungumzo ya watu na ChatGPT hayana ulinzi wa kisheria kama ule wa mgonjwa na daktari au mteja na wakili, na kwamba mahakama inaweza kuamuru yatolewe. Ulichokiungama hapo kimehifadhiwa kwenye kompyuta ya kampuni.

*Ushauri.* Kumbuka lile la kupenda kukubaliana. Mume akieleza ugomvi wa nyumbani kwa upande wake tu, mashine itamhurumia yeye. Mke akieleza wake, itamhurumia mke. Mtu anayedai kupokea ufunuo wa kuacha kazi na familia anaweza kushangiliwa. Kwa hiyo sheria iwe kwamba uamuzi wowote unaogusa ndoa, watoto, afya ya akili, mali au uhai hauishii kwenye programu. Na mtu akitaja kujidhuru, mtafute *leo*, kwa sauti yako au kwa miguu yako, na umfikishe kwa mhudumu wa afya.

Yohana, mwishoni mwa waraka wake wa pili, anasema ana mengi ya kuandika lakini hataki kutumia karatasi na wino. Anatarajia kuja waongee mdomo kwa mdomo ili furaha iwe timilifu. Alikuwa na teknolojia ya zama zake, akaitumia, na akajua inapokomea.

Hatua ya 6: Linda siri za waumini

Sheria ya data ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu 2018, inahesabu imani ya dini kuwa taarifa nyeti, pamoja na afya na maisha ya kingono. Nchi nyingine nyingi zina sheria zinazofanana. Lakini hata pasipo sheria, orodha ya maombi ya juma ni amana: nani ana saratani, ndoa ya nani inayumba, mtoto wa nani yuko kwenye dawa za kulevya.

Kabla ya kubandika chochote kwenye programu, ondoa majina, namba za simu, mahali na viwango vya sadaka. "Mama wa watoto wanne aliyefiwa na mume mwezi uliopita" katika kanisa la watu 60 bado ni jina, kwa hiyo ondoa na hayo. Ingia kwenye mipangilio ya programu, tafuta sehemu ya udhibiti wa data, uzime ruhusa ya kutumia mazungumzo yako kuifunza. Angalia pia zile programu zinazojiunga na vikao vya mtandaoni na kuandika kila kinachosemwa. Kikao cha nidhamu au cha ushauri kisirekodiwe na yoyote. Picha za watoto wa shule ya Jumapili zisipakiwe kwenye programu za kubadilisha sura, hata kwa kufurahisha.

Hatua ya 7: Jilindeni na video ghushi, na msizitengeneze

Machi 2023 picha ya Papa Fransisko akiwa na koti jeupe la kifahari ilizunguka dunia. Ilikuwa imetengenezwa kwa programu ya Midjourney. Mei 2025 ikasambaa video ndefu ya Papa Leo XIV akimjibu Kapteni Ibrahim Traoré wa Burkina Faso, maneno mazito yaliyowagusa Waafrika wengi. Vatican ilitangaza ni ya kughushi. Usitegemee kuhesabu vidole au kutazama midomo. Kasoro hizo zinarekebishwa kila mwezi. Chunguza chanzo: je, kituo rasmi cha kanisa hilo kimeitoa?

Upande wa fedha muwe wakali. Sauti ya mchungaji inaweza kuigwa kutokana na mahubiri yake yaliyopo mtandaoni. Kanisa litangaze akaunti zake mara moja, kwa maandishi, ubaoni. Ombi lolote la fedha kwa sauti, video au ujumbe lisitekelezwe mpaka mtu apige simu kwa namba aliyokuwa nayo zamani, na mtu wa pili athibitishe.

Na sisi wenyewe? Hapa nina jambo linaloniumiza. Kurasa za huduma zimeanza kuweka picha za mikutano yenye bahari ya watu ambao hawakuwepo, na za wagonjwa "kabla na baada" ambao hawajazaliwa. Paulo aliona ni jambo la kutisha kuonekana "mashahidi wa uongo wa Mungu" (1 Wakorintho 15:15). Aliyeponywa kweli atadharauliwa siku ulimwengu utakapogundua picha ya jirani yake ilitengenezwa. Mchoro wa Safina ya Nuhu kwa ajili ya watoto hauna neno, ukiandikwa kwamba ni mchoro wa kompyuta. Kitu chochote kinachotolewa kama ushahidi wa kazi ya Mungu kiwe kimetokea.

Hatua ya 8: Andikeni kanuni yenu

Hamuanzi kutoka sifuri. Februari 2020 Taasisi ya Kipapa ya Uhai ilitia saini mjini Roma wito wa maadili ya akili mnemba pamoja na Microsoft na IBM. Mwaka 2024 Askofu Mkuu wa Canterbury, mkuu wa Kanisa la Uingereza la Kianglikana, naye akajiunga nao. Wabaptisti wa Kusini wa Marekani walipitisha azimio lao Juni 2023. Tarehe 28 Januari 2025 Vatican ilitoa waraka *Antiqua et Nova* kuhusu akili ya mashine na akili ya binadamu. Papa Leo XIV, siku mbili baada ya kuchaguliwa Mei 2025, alieleza kwamba jina lake linahusiana na Leo XIII, ambaye mwaka 1891 aliandika juu ya wafanyakazi wakati wa mapinduzi ya viwanda, na kwamba akili mnemba inaleta changamoto mpya kwa utu, haki na kazi. Kwa Mkristo msingi wa haya ni Mwanzo 1:27: binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na chombo hakikuumbwa hivyo.

Kanuni ya kanisa la kawaida haihitaji kuzidi nusu ukurasa. Hii mnaweza kuichukua na kuibadilisha:

"Kanisa letu linaruhusu akili mnemba kwa ratiba, tafsiri za awali, kumbukumbu, maandishi ya video na utafiti. Mahubiri, maombi ya hadhara, rambirambi na ushauri hutoka kwa mtu anayejulikana kwa jina, ambaye anawajibika kwa kila neno. Kila andiko na nukuu hukaguliwa kabla ya kutolewa. Habari za waumini haziingizwi kwenye programu yoyote. Picha au video iliyotengenezwa na mashine hutajwa hivyo, na haitumiki kamwe kama ushuhuda. Mwenye swali au malalamiko amwone …"

Jazeni jina la mtu mmoja, si kamati, ili mwenye malalamiko ajue mlango wa kugonga. Mwalikeni kijana mmoja anayezijua programu hizi na mzee mmoja asiyezipenda, waisome pamoja kabla haijapitishwa. Kila mmoja ataona tundu ambalo mwenzake halioni. Isomeni mbele ya kanisa zima, ipeni waumini nafasi ya kuuliza, na mpange tarehe ya kuipitia tena baada ya miezi sita, kwa sababu programu zitakuwa zimebadilika.